Kiolezo cha Karatasi na Kamba ya Fundi

Mbamba Bay ni bandari ndogo upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo milima ya Wamatengo yateremka ghafula hata ufukoni. Kwa muda mrefu njia ya kufika huko ilikuwa ya maji kuliko ya nchi kavu. Meli zilizotoka Itungi kaskazini, na zile zilizovuka kutoka Nkhata Bay ng'ambo ya pili, zilileta sukari, sabuni na nguo. Na barabara ya kupanda Mbinga, ya kilomita 66, haikuwekwa lami mpaka miaka ya karibuni. Mahali pa namna hiyo huonekana kuwa mbali sana na mambo ya mitindo ya London na New York. Walakini kila gauni linaloshonwa kwenye baraza ya duka la Mbamba Bay limebeba jawabu la swali ambalo washoni wa dunia nzima wamelijibu kwa njia mbalimbali: kipimo cha nguo kitoke wapi, katika mwili wa mvaaji au katika namba iliyoandikwa kabla mvaaji hajajulikana?

Jawabu la namba ndilo lililozaa kiolezo cha karatasi, yaani karatasi nyembamba zilizokatwa kwa umbo la vipande vya nguo kwa ukubwa wake kamili, kifua, mgongo, mkono na kola, ili mtu azilaze juu ya kitambaa, azibane kwa pini, na kukata kwa kuufuata ukingo. Jawabu la mwili ndilo la kamba ya fundi, ile futi laini inayoning'inia shingoni mwake mchana kutwa. Mara nyingi historia ya mambo haya husimuliwa kana kwamba kamba ni ushamba na karatasi ni maendeleo. Ukweli haukunyooka hivyo, na ufuko wa Nyasa ni mahali pazuri pa kuutazama, kwa sababu hapo namna nyingi za kupima zilifika moja baada ya moja, na hapana iliyoifukuza nyingine kabisa.

Kabla ya pamba kuenea, watu wa ufuko huo walivaa ngozi na nguo za magome ya miti, yaliyolowekwa na kupondwa hata yakalainika. Nguo ya gome haina kipimo cha mshoni. Ukubwa wake ni ule uliotolewa na mti, na mvaaji hujifunga kadiri inavyotosha. Pamba ilipokuja kwa wingi katika karne ya 19, ilikuja kwa njia ya Kilwa. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara kutoka pwani, alifanya makao Nkhotakota, ufuko wa magharibi wa ziwa, na walioshika cheo chake baada yake waliitwa Jumbe. Majahazi ya Nkhotakota yalivusha pembe za ndovu na watumwa hata upande wa mashariki, kisha misafara ikaendelea kwa miguu mpaka pwani. Na iliporudi, ilirudi na nguo. Merikani na kaniki zilikuwa ndizo fedha za nchi. Hata kampuni ya African Lakes, iliyoanzishwa mwaka 1878, na wamisionari waliokuja wakati huo huo, waliwalipa vibarua wao kwa kitambaa.

Kitambaa hicho kilipimwa kwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetanuliwa. Mkono, au dhiraa, ni kutoka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari. Mikono minne ni shuka moja. Mikono minane ni doti. Jora lilikuwa na doti kadha wa kadha, na idadi yake haikuwa moja kila mahali. Hapana shaka ugomvi ulikuwa mwingi, maana muuzaji mwenye kiwiko kifupi alimpunja mnunuzi pasipo kusema uongo wowote. Lakini yafaa kulitambua jambo moja ambalo wasafiri wa Ulaya, waliozoea kulalamikia vipimo hivyo, hawakulijali. Mwili uliopimia kitambaa ulikuwapo pale pale, ukionekana. Mtu aliyepunjwa alijua amepunjwa na mkono wa nani.

Pamoja na doti za merikani, watu wa pwani walileta kanzu, na kanzu yastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa ni nguo iliyokuwa na kiolezo chake karne nyingi pasipo karatasi. Kiolezo hicho kilikuwa katika maneno. Kipande kikubwa cha mbele na cha nyuma huitwa badani, neno ambalo katika Kiarabu maana yake ni mwili wenyewe. Vipande vya ubavuni, vinavyopanuka kuelekea chini ili mvaaji apate nafasi ya kutembea, ni taharizi. Kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono ili nguo isipasuke mtu anapoinua bega ni kikwapa. Bitana ya shingoni na mabegani ni kaba. Ulimi mdogo unaofunika mpasuko wa kifuani ni lisani. Upindo ni sijafu. Mtu ayajuaye majina haya kwa utaratibu wake ameijua kanzu inavyokatwa, kwa sababu kila jina ni kipande, na kila kipande kina mahali pake. Mwanafunzi wa fundi aliyakariri kama alivyokariri sala. Tena umbo la kanzu lilikuwa la hekima kwa mkataji: karibu vipande vyote ni vya kunyooka, kitambaa hakipotei, na unene wa mtu hausumbui, kwa maana taharizi hubeba tofauti.

Kwa sababu hiyo kanzu ilihitaji namba moja tu, nayo ni urefu. Mpaka leo kanzu iliyoshonwa tayari huuzwa kwa namba kama 54, 56 au 58, na namba hiyo ni inchi kutoka begani hata chini. Kofia nayo, ile ya kushonwa kwa mkono ambayo wanawake wa Unguja na Lamu walitolea macho yao, huuzwa kwa inchi za mzunguko wa kichwa. Namba za namna hii ni za kweli. Mwenye shaka huchukua futi, akapima, akaikuta.

Namba ya kiolezo cha karatasi si ya aina hiyo, na ili kueleza jinsi ilivyokuwa hapana budi kuliacha ziwa kwa kitambo.

Huko Ulaya pia ukataji ulikuwa siri ya mafundi. Mwaka 1580 mshoni wa Kihispania, Juan de Alcega, alichapisha Madrid kitabu cha michoro ya kukata nguo, lakini michoro ile midogo ilimfaa fundi aliyekwisha kujua kazi, wala haikumfaa mtu wa nyumbani. Kabla ya futi ya kamba kuwa ya kawaida, fundi alimpima kila mteja kwa ukanda wa ngozi au wa karatasi, akautia pengo dogo mahali pa bega, pengo jingine mahali pa kifua, na kuuhifadhi ukanda ule kwa jina la mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa: kila mtu alikuwa futi yake mwenyewe. Cherehani ya Isaac Singer ilipopata hati ya uvumbuzi mwaka 1851, na kampuni yake ilipoanza kuiuza kwa malipo ya kidogo kidogo miaka michache baadaye, wanawake wengi wa Marekani walijikuta wana chombo cha kushonea ila hawana ujuzi wa kukata. Magazeti ya wanawake yalikuwa yakitoa violezo, lakini vya kipimo kimoja tu. Mwenye mwili mkubwa au mdogo kuliko huo sharti avipanue au avipunguze mwenyewe, jambo ambalo ndilo hasa asilolijua.

Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Sterling katika jimbo la Massachusetts, ndiye aliyelitatua shauri hilo kwa njia ya biashara. Mwaka 1863 alianza kuuza violezo vya nguo moja katika vipimo vingi, kuanzia mashati ya wanaume na nguo za watoto wa kiume, kisha magauni ya wanawake. Vya kwanza vilikuwa vya karatasi ngumu. Baadaye akatumia karatasi nyembamba ya kufungia vitu, inayokunjika na kuingia katika bahasha ya posta. James McCall alimfuata mwaka 1870, na katika karne ya 20 wakaja Vogue, na Simplicity mwaka 1927. Huko Ujerumani, baada ya vita vya pili, Aenne Burda alianza mwaka 1950 gazeti lake la mitindo huko Offenburg, ambalo baadaye lilitia violezo vya nguo nyingi katika karatasi moja, mistari imepandana kama njia za siafu, na msomaji ainakili ile aitakayo.

Hapana haja ya kuubeza uvumbuzi huo. Kwa mara ya kwanza mke wa mkulima aliye mbali na mji aliweza kukata gauni lenye umbo, lenye kiuno na mikono ya kukaa vizuri, pasipo kumlipa fundi na pasipo kumngoja. Siri ya chama cha mafundi iliuzwa kwa senti chache. Yeyote anayesema juu ya ubaya wa violezo na akumbuke kwanza jambo hilo.

Ila wepesi wa kuvitumia ulichelewa kuja. Violezo vya mwanzo havikuandikwa kitu. Vilitobolewa matundu tu, makubwa na madogo, na kila aina ya tundu ilikuwa na maana yake: hapa pakunjwe, hapa pafuate uelekeo wa nyuzi, hapa pabanwe. Msomaji alipewa maelezo mafupi juu ya bahasha, mengine alibuni. Karatasi za maelezo yenye picha, na alama zilizochapwa juu ya kiolezo chenyewe, zilikuja katika miaka ya vita vikuu vya kwanza na iliyofuata. Hata hapo palibaki mitego. Vipande vingi vilichorwa nusu, ili viwekwe juu ya kunjo la kitambaa na kukatwa pande mbili kwa pamoja; asiyeielewa alama ya kunjo alikata nusu mbili zisizoungana, na kitambaa kimekwisha. Violezo vya Kimarekani vilikuwa na nafasi ya mshono ya thumni tano za inchi ndani yake. Vya Burda havikuwa nayo. Aliyezoea vya kwanza akikata vya pili, nguo humbana kwapani na kiunoni, naye hudhani kwamba amenenepa.

Na ndipo namba inapoingia. Mwanzoni mwanamke mzima alinunua kiolezo kwa inchi za kifua, 34 au 36, na hiyo ilikuwa namba ya kweli. Wasichana, lakini, walinunua kwa umri: kiolezo 14 kilikuwa cha msichana wa miaka 14, na 16 cha miaka 16. Baadaye wanawake wazima walipendelea mitindo ya wasichana, na namba za umri zikawahamia, zikiwa zimekwisha kupoteza maana yake. Katika miaka ya 1930 kifua cha inchi 34 kiliitwa 16. Katika miaka ya 1950, baada ya kampuni kurekebisha orodha zao, kifua hicho hicho kiliitwa 14. Mwaka 1967 na 1968 zikarekebishwa tena ili zikaribiane na nguo za madukani, na kifua cha inchi 34 kikawa 12. Basi mwanamke aliyehifadhi violezo vyake tangu usichana alikuwa na namba tatu, na mwili mmoja.

Kati ya marekebisho hayo ulifanyika upimaji mkubwa. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani, chini ya Ruth O'Brien na William Shelton, iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, kwa kusudi lililotajwa waziwazi la kutengeneza nguo na violezo. Matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Ilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa, nayo ilithibitisha jambo ambalo kila fundi wa barazani alilijua, kwamba kipimo kimoja, kama kifua, hakiwezi kutabiri vingine: wanawake wawili wa kifua kimoja watatofautiana begani, kiunoni na nyongani. Lakini katika kujumlisha hesabu, waliohesabiwa walikuwa wanawake weupe tu. Vipimo vya wengine, hata vilipochukuliwa, viliachwa nje. Wastani uliopatikana ukawa msingi wa orodha ya serikali ya mwaka 1958, na orodha hizo za Kimarekani na jamaa zake za Ulaya ndizo zilizosafiri duniani ndani ya bahasha za violezo na, baadaye, ndani ya kola za nguo zilizoshonwa tayari. Mwanamke wa Mbamba Bay hakuwamo katika hesabu, ingawa matokeo ya hesabu yalimfikia.

Yalimfikiaje? Ushonaji wa nguo zenye umbo uliingia ufuko wa Nyasa hasa kwa mlango wa misheni. Huko Unguja, tangu miaka ya 1870, misheni ya Kianglikana ya UMCA iliwalea Mbweni wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na miongoni mwa mafunzo yao sindano ilikuwa na nafasi kubwa. Misheni hiyo hiyo ilifanya makao katika kisiwa cha Likoma katika miaka ya 1880, na walimu waliofunzwa Unguja, kama Augustine Ambali, walikuja kufanya kazi ziwani. William Percival Johnson alitembea ufuko huo zaidi ya miaka arobaini, akafia Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, mwaka 1928. Huku milimani Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na masista wao wakafundisha wasichana kazi za nyumbani. Palipo na shule pana sare, na palipo na sare pana haja ya kukata nguo nyingi za namna moja kwa haraka. Kwa kazi hiyo kiolezo cha karatasi hakina mpinzani. Hukatwa mara moja katika karatasi ngumu, kikatundikwa ukutani kwa msumari, na nguo hamsini zikafuata.

Shida ilikuwa katika vipimo vya watoto. Violezo vya Kiingereza vya watoto viliandikwa kwa umri, na umri ndio uliokuwa mgumu kuupata. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa na watu wengi. Mtoto alikumbukwa kwa mwaka wa njaa au wa nzige. Tena wengi walianza shule wakiwa wakubwa, na darasa moja lilikuwa na wa miaka saba na wa miaka kumi na mitatu. Kiolezo kilichoandikwa miaka 10 kilimfaa mtoto wa darasa lolote na hakikumfaa yeyote kwa hakika. Mzazi naye alikuwa na hesabu yake, ambayo haikuandikwa katika bahasha yoyote: nguo ishonwe kubwa, upindo uachwe mpana, ili mtoto akue ndani yake miaka miwili au mitatu na kisha imfae mdogo wake. Wataalamu wa violezo huhesabu nafasi ya kupumua, ile inchi mbili au zaidi inayoongezwa juu ya kipimo cha mwili ili mtu aweze kuketi na kuinua mikono. Mzazi wa Mbamba Bay huongeza nafasi ya kukua.

Tena kuna nafasi ya kazi. Mwanamke alimaye kwa jembe, aanikaye dagaa mchangani, atwangaye, na abebaye mtoto mgongoni kwa kanga, huhitaji kwapa pana na mgongo usiobana, kwa maana mabega yake hayapumziki. Gauni la kiolezo lililokusudiwa mwanamke wa kukaa kwenye kiti mezani hupasuka kwanza nyuma ya bega. Fundi anayemjua mteja wake huliona jambo hilo kabla ya kukata, na huongeza. Karatasi haiwezi kumwona mtu.

Ugumu mkubwa kuliko wote, hata hivyo, haukuwa katika mwili bali katika kitambaa. Bahasha ya kiolezo humwambia mnunuzi wari ngapi atahitaji kwa kitambaa chenye upana wa inchi 35, au 45, au 54, na humchorea jinsi ya kupanga vipande. Mchoro huo hudhani kitambaa kisicho na mwanzo wala mwisho, chenye rangi moja au maua madogo. Kanga haiko hivyo. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa karibu na pindo la chini. Upana wake ni kama mita moja na kitu, urefu wake mita moja na nusu, na baada ya hapo imekwisha. Akataye gauni la kanga kwa kuufuata mchoro wa bahasha atajikuta pindo limekatiza tumboni na jina limekatwa katikati, nusu kifuani na nusu mgongoni, na methali iliyonunuliwa kwa jirani fulani aisome haisomeki tena. Fundi huanza kinyume cha bahasha. Hutazama kwanza pindo litakaa wapi, chini ya gauni au ukingoni mwa mikono. Kisha hutazama jina. Ndipo hutazama umbo la nguo, na umbo sharti likubali. Kitenge nacho, chenye picha kubwa, huhitaji jicho la namna hiyo. Ndege mkubwa wa kitenge akiwekwa ovyo hukatwa shingo mshononi.

Kwa hiyo haishangazi kwamba kiolezo cha dukani hakikuiteka nchi kama kilivyoiteka Marekani. Kilikuwa ghali, kilikuwa kwa lugha ya kigeni, kilikuwa dhaifu katika mvua na upepo wa baraza, na kitambaa cha nchi kilikikataa. Baraza ikabaki mikononi mwa fundi, na fundi, kwa kawaida, alikuwa mwanamume. Hapo ndipo pana hasara ambayo wasifu wa kamba ya fundi huisahau. Ukataji uliobaki katika jicho la mtu mmoja hauwezi kupelekwa kwa posta. Mwanamke aliyetaka nguo yake alipimwa na mwanamume, akangoja sikukuu ikiwa imekaribia na foleni imekuwa ndefu, akachukua alichopewa. Kama kiolezo kilikuwa na kosa la kutomjua mtu, fundi alikuwa na kosa la kujua peke yake.

Wanawake walianza kulijibu jambo hilo wenyewe. Katika miaka ya 1950 idara ya maendeleo ya jamii ya Tanganyika ilisaidia vilabu vya wanawake, ambamo kushona kulifundishwa pamoja na kusoma na usafi wa nyumba, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962 na Bibi Titi Mohamed akiwa kiongozi wake, uliendeleza madarasa ya namna hiyo. Huko Kenya Maendeleo ya Wanawake ilikuwa na mafunzo kama hayo tangu mwaka 1952. Vilabu hivyo vimecheka na kuchekwa. Wapo wasemao kwamba vilimfundisha mwanamke kufuma vitambaa vya meza katika nyumba isiyo na meza. Lakini darasa la kukata lilikuwa na jambo la maana kuliko hilo. Ukataji ulifundishwa kwa karatasi, na karatasi ilikuwa ile iliyopatikana: gazeti la zamani, au kaki ya kufungia vitu. Mwanafunzi humpima mwenzake, huandika bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, kisha huchora mistari juu ya gazeti kutoka katika namba hizo. Kiolezo kinachotoka hapo ni cha karatasi, na wakati huo huo ni cha mwili ujulikanao. Akikosea, amekata habari za wiki iliyopita. Kitambaa ki salama. Njia hiyo ya gazeti ndiyo iliyodumu katika madarasa ya ushonaji.

Serikali nazo zilishika kamba kwa namna yao. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi na suruali za kubana zikapigwa marufuku, hata ikawa urefu wa upindo ni shauri la siasa. Ng'ambo ya ziwa, sheria ya Malawi ya mwaka 1973 ilimkataza mwanamke kuvaa suruali au gauni lisilofunika magoti. Hivyo kwa miaka kadhaa abiria wa kike aliyepanda meli Mbamba Bay kwenda Nkhata Bay alivuka kutoka upindo wa nchi moja hata upindo wa nchi nyingine. Sheria hiyo haikuishi muda mrefu baada ya kura ya maoni ya mwaka 1993 iliyokomesha utawala wa chama kimoja.

Namba za kigeni zilipofika kwa wingi, hazikuja kwa bahasha za violezo bali kwa mitumba. Biashara ya nguo kuukuu, iliyokuwa imezuiwa, ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na magunia yakapanda kutoka Dar es Salaam hata Songea, Mbinga na ufukoni. Kola za nguo hizo zimeandikwa 10, 14, 38, 42, herufi za L na XL, kila nchi kwa orodha yake, zimechanganyika katika rundo moja. Mnunuzi hazisomi. Huinua nguo mbele ya kifua chake, huizungusha shingoni mwake ili akisie kiuno, maana husemwa kwamba nusu ya mzunguko wa kiuno cha suruali ikizungushwa shingoni na ncha zikakutana, suruali itamtosha. Kisha huipeleka kwa fundi ipunguzwe. Shibiri na mkono zimerudi kwa mlango wa nyuma.

Nchi nyingine zimeamua kujipima. Mwaka 2018 India ilitangaza mpango wa kuwapima watu 25,000 katika miji sita ili ipate orodha yake yenyewe, isiendelee kuvaa wastani wa wengine. Jambo hilo ni la gharama, nalo lina hatari yake ya zamani, maana wastani wa Wahindi wote nao si mwili wa Mhindi yeyote. Hata hivyo tofauti ni kubwa kati ya kutoshea vibaya katika hesabu uliyomo na kutoshea vibaya katika hesabu ambayo hukuwamo. Wanawake wa Ruvuma, wanaolima kahawa Mbinga na kuanika dagaa Mbamba Bay, wana mabega na migongo ambayo ingeweza kuandikwa katika orodha. Na mavazi ya kushonea yapo, na gazeti la kuchorea lipo.

Kwa sasa orodha iliyopo ni daftari la fundi. Ni daftari la shule la kawaida, lililokunjamana pembe kwa mafuta ya cherehani. Jina la mteja huja kwanza, kisha bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, zote kwa inchi ingawa kitambaa kilinunuliwa kwa mita, na pembeni kipande kidogo cha kitambaa chenyewe kimebanwa kwa pini. Mteja akirudi baada ya mwaka, fundi hufunua ukurasa wake, huzitazama namba za zamani, kisha huivua kamba shingoni na kumpima upya.